Boga la Kula na Boga la Picha: Ukiwapeleka Watoto Shamba la Maboga

Kuanzia mwisho wa Septemba, watoto wanaosoma huku Illinois, Marekani, huanza wimbo mmoja: wenzetu wameshaenda shamba la maboga, sisi lini? Mzazi aliyekulia Tanga, ambako boga huota lenyewe nyuma ya jiko pale mbegu zilipomwagwa, lazima ashangae. Boga nalo la kukatiwa tiketi na kuendeshewa gari saa nzima? Siku hizi safari hii naisubiri kwa hamu kuliko wanangu, na kwa kuwa kila vuli kuna shoga aliyehamia karibuni anayeniuliza aanzie wapi, nimeona niandike.

Cha kwanza, elewa kwamba pale kuna biashara mbili ndani ya uzio mmoja. Kuna michezo: trekta linalovuta trela la watu, njia za kupotezana ndani ya mahindi, mbuzi wa kulishwa, dimbwi la punje za mahindi ambamo watoto huogelea wakavu. Halafu kuna maboga yenyewe. Tiketi ya getini mara nyingi ni ya michezo tu. Boga utalilipia mbali, kwa ratili au kwa ukubwa wake. Kama watoto wako bado wadogo, au mfuko umebana, tafuta shamba dogo la familia lisilo na kiingilio. Utakuta maboga yamepangwa uani, trekta moja, mbuzi wawili watatu, basi. Mtoto wa miaka mitatu hatakudai zaidi. Yale makubwa yenye bembea na mizinga ya kurushia maboga yawasubiri watakapofika miaka saba, minane.

Kwa mashamba makubwa, tiketi huuzwa mtandaoni kwa tarehe, na Jumamosi huwa ghali kuliko siku za kazi. Jumamosi za katikati ya Oktoba zikwepe, pamoja na ile Jumatatu ya pili ya mwezi ambayo shule nyingi hufungwa. Foleni ya magari peke yake inatosha kuwafanya watoto walie. Sisi huenda Jumapili asubuhi, wakati majirani wengi wako kanisani. Shamba linakuwa letu mpaka karibu na adhuhuri. Tunabeba mkeka, maana unafaa kwa chakula na unafaa kwa swala, na nyasi za pembeni ya maegesho hazijawahi kukosekana. Uliza mapema kama wanaruhusu chakula cha nyumbani. Mahali pengine ni marufuku ukishavuka geti, ila kwenye maegesho hakuna anayekusumbua na chapati zako.

Mama mkwe alipokuja kututembelea tulimchukua. Alitulia kimya hadi mume wangu alipotoa kadi ya kulipia, ndipo akanivuta pembeni.

“Mwanangu, tunalipa tukawavunie watu shamba lao?”

“Ndiyo, mama. Na boga tutalilipia tena tukitoka.”

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Alipowaona wajukuu zake wakitia sarafu kwenye mashine ili wapate konzi ya chakula cha kulisha mbuzi, akasema angelijua hilo mapema angekuwa tajiri pale kwake Pongwe. Kwa hiyo chukua sarafu za robo dola, kwa sababu mashine zile nyingi hazijui kadi. Na wakimaliza kushika mbuzi, waoshe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kutia chochote mdomoni. Vitakasa mikono havitoshi hapo. Vimelea vingine vya kwenye kinyesi cha wanyama haviuawi navyo, na kuhara kwa mtoto mdogo si jambo la mchezo.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Asubuhi ya Oktoba hapa unaweza kukuta nyuzi 5, na saa tisa alasiri mtoto anavua koti anakutupia. Vaeni nguo juu ya nguo. Mabuti ya mpira hata kama hakukunyesha jana. Mwenye mtoto wa pumu asisahau dawa ya kuvuta, kwa sababu yale marobota ya majani makavu ya kukalia kwenye trela yana vumbi na ukungu, na nimeona mtoto akibanwa katikati ya safari, mbali na gari.

Njia za mahindi: nendeni chooni kwanza. Piga picha ramani iliyobandikwa mlangoni. Kama kuna njia fupi ya watoto, anzeni nayo, na msione haya kuishia hapo hapo. Mahindi yale yamekauka na ni ya kulishia mifugo, kwa hiyo usimruhusu bibi yake mtoto aanze kuvunja hindi la kwenda kuchoma.

Kwa Waislamu wenzangu, na mtu yeyote asiyekunywa pombe: kile kinywaji cha tufaa kilichoandikwa cider ni juisi isiyochujwa, haina kilevi. Chenye kilevi huandikwa hard cider, na mashamba mengine huuza vyote viwili kwenye banda moja, basi soma chupa. Soma pia kama juisi imechemshwa kuua vijidudu. Isiyochemshwa hubandikwa onyo, nami siwapi watoto, wajawazito wala wazee. Donati zake za moto ni tamu kweli, lakini uliza zimekaangwa kwa mafuta gani, kwani mahali pengine hutumia mafuta ya nguruwe. Wauzaji hujibu bila kununa.

Sasa boga lenyewe, na hapa ndipo naona watu wetu wanapoteza pesa. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yaliyojaa shambani yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa sura na kuwashiwa mshumaa. Maarufu kuliko yote, Howden, lina ganda la kuchongeka, kikonyo imara na umbo zuri, lakini nyama yake ni nyembamba, ya nyuzinyuzi, yenye maji mengi. Ukilitia tui unapata supu. Nimesikia watu wakiapa kwamba maboga ya Marekani hayana ladha, kumbe walipika pambo.

Wenyeji wanajua tofauti hiyo vizuri sana. Illinois ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kulima maboga, na mengi huishia kwenye makopo. Mji wa Morton, jirani na Peoria, una kiwanda cha Libby's kinachosindika sehemu kubwa ya boga la kopo linalouzwa nchi nzima. Na boga linaloingia kiwandani humo ni la aina ya Dickinson, la rangi ya kaki, nyama nene, ukoo mmoja na lile refu liitwalo butternut. Mtu asiyelijua angelipita akidhani limechacha.

Kwa hiyo ukimaliza kupiga picha, zunguka nyuma ya banda. Huko kwenye makreti, mara nyingi pasipo na foleni, ndiko yaliko maboga ya kula. Jarrahdale, la ganda la kijivu lililogawanyika mapande, ni kavu na tamu, na mama mkwe alilitambua kwa mbali kabla sijamwambia kitu. Long Island Cheese, bapa, la kaki. Blue Hubbard, kubwa, gumu kiasi cha kuhitaji panga. Kabocha, dogo, la kijani kibichi: hili kwangu ndilo linalokaribia zaidi boga la unga la nyumbani, na usipolikuta shambani litafute kwenye maduka ya Wakorea au Wajapani. Yale madogo ya rangi ya chungwa yaitwayo Sugar Pie yanafaa pia, ila yatie tui zito. Vile vibuyu vya rangirangi vya mapambo usivipike kabisa. Na boga lolote ukilionja likawa chungu, teme na utupe lote. Uchungu huo ni sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Namna ya kuchagua ni ile ile uliyofundishwa na bibi. Bonyeza ganda kwa ukucha: likikubali kutobolewa, halijakomaa. Geuza utazame tako lake, kwa kuwa kuoza huanzia chini. Kikonyo kiwe kizima, na usilibebe boga kwa kikonyo hata kama watoto wote pale wanafanya hivyo, kikikatika panaachwa kidonda na boga halidumu. Nyumbani liweke pakavu, penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, si juu ya sakafu ya saruji. La kula litakaa miezi miwili, mitatu. Lililochongwa halimalizi wiki, na ukiliacha barazani kindi watakusaidia kulimaliza.

Mimi huyamenya mengine, nakata vipande na kugandisha kwenye mifuko kwa ajili ya Ramadhani. Boga la nazi la futari kwa tui la kopo, iliki, sukari kidogo na chumvi ya kuonja: hakuna mtoto wangu anayelikataa, hata yule anayeishi kwa piza. Mama mkwe nilimwambia kwamba asili ya boga ni bara hili la Amerika, na kwamba Mexico walikuwa wakililima yapata miaka 10,000 iliyopita. Alinitazama, akatazama sahani. “Basi mbona hawajui kulipika?”

Suala la Halloween, ile sherehe ya tarehe 31 Oktoba ambayo maboga huchongwa sura na watoto huvaa kama mazimwi, kila nyumba ina msimamo wake. Sisi tunakwenda shambani, hatuchongi sura za mazimwi, na hatuingii banda la mizimu, ambalo kwa kawaida hufunguliwa jioni kwa tiketi yake. Watoto hupaka rangi maboga yao, maua, majina, mpira wa Simba, na mwalimu hajawahi kuuliza chochote. Ukichelewa kwenda kabisa, subiri tarehe 1 Novemba: mashamba na maduka huyauza kwa bei ya kutupa, na miji mingi ya huku hukusanya yaliyochongwa kwa ajili ya mboji.

Najua swali linalokuja: majani je, hatuwezi kuchuma shambani kwao? Nimeuliza, wengine hukubali. Lakini ifikapo Oktoba majani yamezeeka, yamejaa ubwiri unga, na yamepuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa mboga ya kula. Yaache. Badala yake hifadhi mbegu chache za boga ulilokula, zikaushe, na uzipande katikati ya Mei baridi ikishaisha, hata kwenye ndoo kubwa. Kama ni za mbegu chotara hazitazaa boga lile lile, lakini kwa majani haidhuru. Chuma vichipukizi kuanzia Juni, menya nyuzi, katakata, nyanya, kitunguu, karanga zilizosagwa.