Kabla hujapeleka unga wako kwenye sinkrotroni

Kama umepangiwa zamu ya kwanza kwenye sinkrotroni, ile mashine kubwa ya kuzalisha eksirei, mdogo wangu, anza na unga, yaani sampuli yako ya fuwele iliyosagwa ili eksirei zionyeshe atomu zake zimepangwaje. Pale ESRF, sinkrotroni ya Ulaya iliyoko Grenoble, Ufaransa, elektroni huzunguka kwenye duara lenye mzingo wa mita 844, na eksirei zinazotoka humo ni kali kupita za mashine yoyote ya maabara. Ukali huo hautakufaa kama unga umesagwa vibaya.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa na oksidi niliyoichoma mwenyewe, nikaisaga harakaharaka usiku wa kuamkia safari. Vilele vya mchoro wa kipimo, vinavyoonyesha pembe ambako fuwele hurudisha eksirei kwa nguvu, vilikaa mahali pake sawasawa, ila urefu wake haukulingana na muundo wowote wa atomu. Wiki tatu nilihangaika kusogeza atomu kwenye programu. Siku nilipofungua picha zenyewe za kigunduzi, niliona pete ambazo unga mzuri huchora hazikuwa pete: zilikuwa vitone vitone. Mwali wa sinkrotroni ni mwembamba na miale yake huenda sambamba, kwa hiyo punje kubwa chache tu ndizo hukaa kwenye pembe inayotakiwa, nazo hutawala kipimo chote. Mashine ya maabara, ambayo miale yake hutawanyika zaidi, ilikuwa imenificha kasoro ile.

Basi saga kwa kinu cha agate (jiwe gumu), tia ethanoli kidogo, saga tena mpaka usihisi chenga kati ya vidole (kama si sumu, kama ni sumu, vaa glavu na utumie darubini). Usipitilize lakini, kusaga kwa nguvu mno huharibu fuwele zenyewe. Jaza mrija wa kioo wa milimita 0.5 kidogo kidogo ukiugongagonga, kisha utazame kwenye mwanga kama kuna mapengo. Sampuli yenye risasi au bariamu nyingi hunywa miale, hivyo chukua mrija wa 0.3 au omba urefu mfupi wa wimbi. Na mrija uzunguke muda wote wa kupima.

Sampuli rejea, yaani unga unaojulikana vizuri wa kusawazishia kipimo, kwa kawaida LaB6 (lanthanamu heksaboridi), ipime mwanzoni, na tena kila urefu wa wimbi unapobadilishwa, ikiwa kwenye mrija wa unene uleule.

Kwa vitu vya kikaboni, linganisha kipimo cha kwanza na cha mwisho. Vilele vikianza kuhama au kupungua, mwali unaunguza sampuli. Sogeza mrija, upige sehemu ambayo haijaguswa.