Tabia ya mchezaji kwenye Football Manager hainunuliwi kwa mshahara

Ndugu, umeuliza kama kumwongezea mshahara yule winga wako wa miaka 19 kwenye Football Manager, gemu la kuongoza timu ya mpira, kutamfanya apende mazoezi. Hapana, hakutamfanya. Tabia unayoiona kwenye ukurasa wake inatokana na namba zilizofichwa: weledi, tamaa ya mafanikio, uaminifu, jinsi anavyohimili presha na kadhalika. Mkataba hauzigusi.

Kinachozigusa zaidi ni kikundi cha malezi, yaani wachezaji unaowaweka pamoja ili vijana waige tabia za wakongwe, kilichoanza toleo la 2019. Kinataka watu wasiopungua watatu. Muweke na mkongwe mwenye weledi mkubwa ambaye anacheza mechi nyingi na anaheshimika kikosini. Mkongwe wa benchi ana nguvu ndogo, na mkorofi ukimweka humo anaharibu vijana wote. Anza sasa, maana mchezaji akishakomaa habadiliki kirahisi.

Kuhusu mkataba, usingoje abakize miezi sita, hapo klabu za nje ya nchi zinaweza kukubaliana naye aondoke bure. Na ukimwandikia nafasi ya mchezaji wa kikosi cha kwanza, mpange kweli. Hapa Mwanga, Kigoma, tunaocheza gemu hili tumeona timu nzuri zikisambaratika kwa ahadi hiyo tu: mmoja analalamika, ukimjibu vibaya rafiki zake wanamuunga mkono. Bora umwahidi nafasi ndogo halafu umchezeshe zaidi.

Ila mwenye tamaa kubwa ya mafanikio anaweza kutaka kuondoka hata ukifanya yote haya, kama timu yako haichezi ligi inayolingana na ndoto zake. Huyo muwekee bei kubwa ya kuvunja mkataba.