Kabla hamjabishana bia ipi ni bora, funikeni chupa kwanza

Wadau, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu sana acha leo niliandike. Mi nipo Tabora, maeneo ya Cheyo, tuna kikundi chetu cha watu watano tunaopenda bia na wiski, na nikisema kupenda simaanishi kulewa, namaanisha kupenda kinywaji chenyewe, kujua kimetengenezwaje na kwanini hiki kinanukia hivi na kile vile. Kwa zaidi ya miaka miwili kila jumamosi ubishi ulikuwa uleule, mtu wa Safari anamwambia wa Kili unakunywa maji, wa Kili anajibu hiyo yako ya kuumiza vichwa, na wa Castle Lite wote wanamchukulia kama hajaja. Hakuna aliyewahi kubadili mawazo ata siku moja kwasababu kumbe tulikuwa tunabishana kuhusu lebo, kinywaji chenyewe hatujawahi kukiongelea.

Mwenzetu mmoja anafanya kazi reli ndo akasema jamani tufunike chupa. Tukafanya hivi, mke wangu ambaye hanywi kabisa akawa anamimina jikoni, kila glasi ina namba chini, yeye peke yake anajua namba ipi ni nini. Bia tano, Safari, Kilimanjaro, Ndovu, Serengeti na Castle Lager, kidogokidogo tu, robo glasi. Kila mtu anaandika kwenye karatasi yake na hairuhusiwi kuongea mpaka wote wamalize, hii ni muhimu kuliko mnavyodhani, mtu mmoja mwenye sauti akisema "hii Safari hii" basi wote midomo inaanza kuonja Safari.

Majibu yalipotoka nyumba ilikuwa kimya. Kaka yetu mkubwa, Safari yuko nayo toka ujana wake, namba moja aliipa Ndovu. Hakununa, aliomba arudie, akarudia, akaichagua Ndovu tena. Kuanzia siku ile maongezi yetu yamekuwa ya kiutu uzima, mtu anakwambia hii ina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, hii utamu wa kimea umezidi, wala sio unakunywa maji.

Sasa mkitaka kujaribu huko mliko, bia isiwe ya barafu. Najua Tabora mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanguka hakuna anayetaka kusikia hili, lakini bia ikiwa baridi sana ulimi unakufa ganzi na zote zinafanana, itoe kwenye friji iache kama dakika kumi. Sisemi bia ya moto, hapana, baridi ya kawaida tu. Glasi nazo zisuuzwe vizuri, sabuni na mafuta vinaua povu na povu ndo linabeba harufu. Na anzeni na nyepesi kwenda kali, angalia kwenye lebo, Lite ni asilimia 4, Kili 4.5, Safari 5.5, ukianza na Safari au Guinness zinazofuata zote utazionea. Alafu kuna maduka yanaanika kreti juani mchana kutwa, msinunue hapo, mwanga unaharibu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na bia inatoa harufu mbaya ndo maana chupa nyingi ni za kahawia.

Wiski tunazifanya siku nyingine, msichanganye siku. Toti ndogo, aina nne zinatosha, maji ya kunywa pembeni, na nyama choma yenye pilipili ije baadae. Ukishanusa na kuonja mara ya kwanza dondoshea matone ya maji mawili matatu unuse tena, harufu inafunguka.

Na kwenye wiski ndo lebo inatudanganya zaidi. Watu wanaangalia rangi, ikiwa nyeusi wanasema imekaa sana, wakati Scotland sheria inawaruhusu kuongeza rangi ya karameli, kwahiyo rangi sio ushahidi. Umri ulioandikwa, tuseme 12 kwenye Black Label, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo humo, na miaka inahesabiwa ikiwa ndani ya pipa tu, kuificha kabatini miaka kumi hakuongezi kitu. Kingine nilichokipenda nilipokijua, bourbon, ile wiski ya Marekani, kisheria lazima ikae kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani, sasa mapipa yakishatumika mengi yanauzwa Scotland, kwahiyo utamu unaousikia kwenye Scotch, yaani wiski ya Scotland, kuna uwezekano umetoka Marekani.

Siku moja jamaa aliletewa Laphroaig, wiski ya kisiwa cha Islay huko Scotland. Kule wanakausha shayiri iliyomea kwa moshi wa udongo wa mabwawani, ule wa mimea iliyooza miaka na miaka, na moshi unabaki mpaka kwenye glasi. Wawili waliisukuma pembeni wakasema dawa ya hospitali. Ila mwenzetu wa Sikonge akainusa akanyamaza, akainusa tena, akasema hizi ni nguo za baba akitoka kurina asali. Mi nilisisimka. Toka siku hiyo tukaacha kutafuta maneno ya watu kwenye mitandao, matunda ambayo hatujawahi kuyaona, tukaanza kuandika ya kwetu, asali ya miombo, ukwaju, karanga za kukaanga, embe lililoanguka chini. Kwenye Jack Daniel's watu wanne kati ya watano waliandika ndizi iliyoiva mpaka imepiga weusi, na hakuna aliyemwangalizia mwenzake.

Kuhusu pesa, changeni. Mzinga mmoja mzuri, yaani chupa kubwa, watu watano mkichanga ni nafuu kuliko kila mtu kununua kwata, ile chupa ndogo, asiyoielewa. Na kagueni stempu ya TRA na mfuniko kabla ya kulipa, tulishawahi kununua chupa kwenye duka moja, bei imepoa, tukaimimina glasi ikanuka spiriti tupu, tukaimwaga yote. Pombe feki inapofusha na inaua, usijifariji kwamba kidogo haidhuru. Pikipiki pia zinabaki nyumbani siku hiyo, kwetu hili halina mjadala.

Jumamosi ijayo mke wangu ataweka wanzuki, pombe yetu ya asali, katikati ya wiski bila kutuambia ni namba ngapi. Yule wa Sikonge anasema ataijua akiwa bado mlangoni.