Kikomo cha fidia au kikomo cha dhima?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nilitafsiri habari ya ule mtambo wa mafuta uliolipuka Ghuba ya Mexico 2010, nikaandika "sheria ya Marekani iliweka kikomo cha fidia, dola milioni 75". Mhariri kafuta "fidia" kaweka "dhima". Si hela ileile jamani?

Jibu: Marahaba. Sio ileile, na mhariri kakuokoa. Dhima ni deni lililo shingoni mwako, uwe umelipa au hujalipa, ndo maana utasikia masheikh wanasema fulani kafa na deni liko kwenye dhima yake. Fidia ni kile kinachotoka mfukoni kwenda kwa aliyeumia. Sasa cheki ilivyokuwa: mtambo wenyewe, Deepwater Horizon, umelipuka, wafanyakazi 11 wamekufa, sheria ya mwaka 1990 wakati huo inasema kwa hasara za wavuvi, mahoteli na wengineo kampuni haidaiwi zaidi ya milioni 75, gharama za kusafisha mafuta haziko kwenye hesabu hiyo, lakini BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa na kisima hicho, huku serikali ya Obama imewakalia kooni, wakasema hicho kikomo hawakishikilii wakatenga bilioni 20. Sasa wewe umeandika kikomo cha fidia ni milioni 75 halafu aya ya chini unasema bilioni 20, msomaji si atakuuliza kikomo gani hicho? Kikomo cha dhima hakimkatazi mtu kulipa, kinamzuia mdai asilazimishe. Na ukithibitika uzembe uliokithiri kikomo chenyewe kinaondoka (tafadhali usiandike "uzembe mkubwa", huo ni wa mtoto aliyeunguza maharage).

"Dhamana" usiiguse hapa, hiyo waachie polisi na mawaziri.

Halafu kuna kifuta machozi. Hapa Tanzania mtu akiuawa na tembo familia inapewa kifuta machozi, shamba likiliwa ni kifuta jasho, viwango vimepangwa na serikali, na viongozi wako makini sana wasiseme fidia. Mimi nawaelewa, ukishatamka fidia ni kama umekubali una dhima.

Kuhusu kikomo na ukomo, yote sawa kisarufi, ila "dhima yenye ukomo" watu wameshaizoea kwa zile kampuni ambazo wenye hisa hawadaiwi kuzidi hisa zao, mambo mengine kabisa hayo, kwa hiyo kwenye majanga baki na kikomo.