Redio ndani ya CMOS ilitoka UCLA
Kuna wanaosema wazo la kuweka redio ndani ya CMOS, yaani teknolojia ya kawaida ya kutengeneza chipu za kompyuta, lilitoka Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani. Hapana, sio Bell Labs. Prof. Asad Abidi, mhandisi wa elektroniki aliyelisukuma wazo hilo, alipita Bell Labs kweli, 1981 hadi 1984 baada ya PhD yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ila hiyo ya kuweka saketi za redio kwenye chipu ya CMOS ya kawaida aliisukuma akiwa anafundisha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), alianza pale 1985, na enzi hizo wengi waliona CMOS ni ya dijitali tu. Soma makala ya Abidi na wenzake ya 1993 kuhusu amplifaya, walichimba silikoni chini ya koili ikabaki inaning'inia hewani ili nguvu ya mawimbi isipotelee humo, ujanja mtupu! Ila sifa sio zake peke yake, Paul Gray kule Berkeley na Michiel Steyaert wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, nao walikuwa humohumo