Maswali na majibu: kununua na kufufua kerezo kuukuu la chuma

Nimepata kerezo (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata) la zaidi ya miaka 60. Limepakwa rangi mpya na muuzaji anasema limekarabatiwa lote. Nikague nini kabla sijalipa?

Rangi achana nayo kabisa, anza na bedi, yaani mwili mrefu wenye reli ambazo gari la kisu husafiri juu yake. Kazi nyingi hukerezwa karibu na chaki, kishikio kinachobana chuma na kukizungusha, kwa hiyo reli za bedi huliwa hapo kwanza, huku upande wa mbali ukibaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Lete gari la kisu karibu na chaki, kaza kifungio chake taratibu mpaka liwe zito lakini bado linasogea, kisha lisogeze kuelekea mwisho wa bedi. Likizidi kuwa zito au likikwama njiani, bedi imelika. Kulika kidogo kunavumilika, na kazi fupi zitatoka safi. Ila ukiona ngazi inayonasa ukucha, mimi ningeondoka, kwa sababu kusaga bedi upya kunataka mashine kubwa ambayo huna nyumbani.

Kisha nenda kwenye spindo, mhimili unaozungusha chaki. Funga chuma kinene kwenye chaki, weka geji ya mshale (kipimo kinachoonyesha msogeo mdogo sana) juu ya spindo yenyewe, halafu inua kile chuma kwa nguvu ya mkono. Mshale ukiruka zaidi ya 0.05 mm, uliza maswali. Katika makerezo ya aina ya Myford ML7 spindo hukaa kwenye beringi za madini laini zinazoweza kurekebishwa. Katika makerezo mengi ya South Bend ya inchi 9, spindo huzunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha kusubu, na mikwaruzo mirefu hapo ni hasara kubwa. Mwisho, hesabu gia za kubadilisha, zile za kupanga hatua ya nyuzi za skrubu unazokata. Zikikosekana, punguza bei sana, maana kuzitafuta moja moja huchosha.

Mpini wa kusogeza kisu huzunguka karibu robo ya mzunguko kabla kisu hakijasogea. Niliache?

Hapana. Hiyo ni nati ya shaba iliyolika, na hubadilishwa. Kwa sasa, ingia kwenye kipimo ukizungusha upande uleule kila mara.

Kutu imeenea kila mahali. Nipige msasa?

Usiguse reli za bedi kwa msasa wa mashine hata kidogo! Usahihi wote wa kerezo umo kwenye nyuso hizo, na dakika chache zinatosha kuuharibu. Mimina mafuta mepesi, acha yalainishe, kisha kwangua kwa wembe ulioulaza karibu sambamba na chuma. Utaona ute mwekundu ukitoka na chini yake chuma cha kijivu, pengine hata alama za mkwaruzo wa kiwandani bado zipo. Alama hizo zinaonyesha kwamba sehemu hiyo haijalika.

Rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu. Ilainishe kwa dawa ya kuondoa rangi, uvae glavu na ufungue madirisha. Kabla ya kufungua chochote piga picha, na kila tambi ya sufi inayopeleka oili kwenye beringi weka mpya. Tambi zilizoganda huua spindo kimyakimya.

Mota yake ni ya fezi tatu, nyumbani nina fezi moja. Niitupe?

Usiitupe. Kuna kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na kinakupa pia uwezo wa kubadili mwendo. Hakikisha mota inaweza kuunganishwa kwa volteji inayotolewa na kifaa hicho. Tahadhari moja: kama chaki imefungwa kwa nyuzi za skrubu, usikereze kinyume, itajifungua ikiwa katika mwendo.

Nimemaliza kazi yote, lakini chuma kinatoka kinene upande mmoja. Bedi mbovu?

Huenda bedi imejipinda tu kwa sababu meza haiko sawa. Funga kipande kwenye chaki pekee, bila kukishikilia kwa nyuma, na uache mabega mawili (sehemu zilizobaki nene kuliko nyingine) yaliyoachana kama sentimita 12. Yakereze yote kwa mkato mwepesi bila kugusa mpini wa kisu, kisha upime kwa maikromita. Bega la mbali likiwa nene zaidi, inua kidogo mguu wa mbele, ule ulio upande wako, kwenye ncha iliyo mbali na chaki, kwa bati jembamba. Likiwa jembamba, inua wa nyuma. Kaza bolti, kereza, pima tena.