Maswali na majibu: Taa ya cheki injini haikutumi dukani

Safari hii nimechagua maswali ya magari ya zamani, hasa yale ya Japani yanayoshuka bandarini yakiwa na umri wa kuoa. Ndugu watatu mlioandika "taa inawaka, shida nini?" bila kutaja gari, mwaka wala namba iliyosomwa, shida ni kwamba hamjapima. Tuendelee.

Toyota IST yangu ya 2003 iliwasha cheki injini. Fundi akapima, ikaja P0171, akabadilisha sensa ya oksijeni. Haikumaliza wiki, imewaka tena na namba ni ile ile. Sasa anasema sensa ya mtumba haifai, ninunue mpya. Ninunue? (Msomaji, Tabata)

Usinunue. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, ndipo ikawasha taa. Aliyepeleka habari hiyo ni sensa ya oksijeni, inayonusa moshi kwenye ekzosi. Wahenga walisema mjumbe hauawi, ila gereji zetu zinamuua kila siku na gharama za mazishi unalipa wewe. Sensa yenyewe ikiugua, mara nyingi huja na namba zake, kama P0130, au P0135 ikiwa hita yake imekufa.

Fundi arudishe mashine, na asiishie kusoma namba. Injini ikishapata moto, afungue data zinazotembea aangalie ni asilimia ngapi ya mafuta kompyuta inaongeza au kupunguza. Karibu na sifuri ni salama, ukizidi 10 kuna jambo. Kama gari likiwa limesimama linanguruma inaonyesha 20 au 25, halafu ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka, kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kagua mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa, hasa mikunjo ya chini ambayo macho hayafiki. Kagua na vipaipu vya vakyumu vilivyokauka, na gasketi ya manifoldi.

Ikiwa ni kinyume, yaani likisimama ni safi lakini ukipanda mlima asilimia inapaa, mafuta hayafiki vya kutosha, au sensa ya kupima hewa inayoingia imeshika vumbi. Hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, si kwa kitambaa wala kidole. Presha ya mafuta nayo hupimwa kwa geji, si kwa sikio. Toyota za aina yako zinataka psi 44 hadi 50. Na filta ya mafuta ya IST iko ndani ya tanki pamoja na pampu. Fundi aliyekuambia amebadilisha filta bila kugusa tanki amebadilisha kitu kingine.

Kabla ya yote hayo, muulize kama ekzosi imewahi kuchomelewa. Tundu dogo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa itaripoti upungufu wa mafuta ambao haupo.

Nina Corolla AE100 ya 1994. Nimenunua kile kifaa cha bluetooth cha kusomea hitilafu, hakikamati. Kompyuta ya gari imekufa? (Msomaji, Moshi)

Haijakufa. Kifaa hicho kinasema lugha iliyoanza kuwa lazima Marekani kwa magari ya 1996, na gari lako halijui lugha hiyo. Wewe hukuhitaji kununua kitu. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, ikapumzika kidogo, halafu mara moja, hiyo ni 21: upande wa sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni upande wa kupima hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina hitilafu iliyohifadhiwa. Soma maandishi ya kifuniko vizuri kabla ya kuchomeka, maana tundu la +B lina umeme wa betri na ukilikosea utaunguza fyuzi.

Kwenye kiboksi hicho hicho, ukiunganisha +B na FP swichi ikiwa wazi, pampu ya mafuta itazunguka. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wananiandikia kwamba pampu imekufa eti "ukifungua swichi haisikiki". Toyota nyingi za zamani hazizungushi pampu mpaka upige staata. Pampu nzima ngapi zimetupwa kwa kosa hilo!

Nikiweka mafuta ya elfu kumi kumi, kuna ubaya? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Hakuna, mradi tanki lisishinde tupu. Petroli ndiyo inayoipoza pampu.

Fundi kaniambia nitoe masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), gari itakuwa nyepesi na itakula mafuta kidogo. Kuna mtu yuko tayari kuyanunua. (Msomaji, Mwanza)

Mnunuzi yuko tayari kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Fundi wako anajua bei yake, wewe hujui. Gari zima halipati wepesi wa maana kwa kutoa masega. Litapata kelele, harufu, na taa ya P0420 (masega hayasafishi moshi) isiyozimika kwenye gari lenye sensa ya pili nyuma ya masega. Halafu siku tatizo la kweli likitokea, taa tayari inawaka, hutajua.

Kama gari limekuwa zito kweli, huenda masega yameyeyuka na kuziba, lakini uliza nani aliyeyayeyusha. Kwa kawaida ni misi, yaani silinda kukosa kuwaka, iliyoachwa muda mrefu: plagi imechoka, koili moja inakata, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye ekzosi. Ndiyo maana taa ikiwaka tu bila kupepesa unaweza kufika nyumbani ukapima kesho, lakini ikipepesa unapokanyaga mafuta, ondoa mguu, usivute mzigo, nenda moja kwa moja gereji.

Gari inakula mafuta sana, tumesafisha nozeli na kubadilisha plagi. Mshale wa joto haufiki katikati, nashukuru haichemki. (Msomaji, Iringa)

Usishukuru. Inaelekea thamostati, vali inayozuia maji yasipoze injini kabla haijapata moto, imetolewa. Rudisha.

Najua mtabisha, kwa hiyo niseme kidogo. Injini isipofikia joto lake, kompyuta inaamini bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia. Kwa baridi ya Iringa ni balaa. Fundi anayetoa thamostati ili gari lisichemke ameshindwa kupata rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, akakuachia wewe bili kwenye sheli.

Premio D4 ya 2003, inatetemeka ikisimama na inatoa moshi mweusi. Nasikia D4 ni gari za kuuza mapema. (Msomaji, Dodoma)

D4 si laana. Injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha ya makumi ya baa, kwa hiyo haina uvumilivu na mafuta yenye maji au uchafu. Na kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, masizi hujikusanya hapo na kwenye throto. Anza kwa kusafisha throto na njia ya hewa, kisha pima pampu ya presha kubwa na nozeli. Mtu asiye na mashine inayosoma presha hiyo asiifungue.

Kuhusu mafuta, mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa tunaufahamu. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali zinazofichua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hata hivyo, ya kununua kwenye chupa barabarani msinilaumu. Chukua risiti, na gari likianza kugonga baada ya kujaza, usisubiri tanki liishe ndipo ulalamike.

Nataka kununua Carina, muuzaji anasema cheki injini haijawahi kuwaka. (Msomaji, Tanga)

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ametoa balbu au kuiziba. Ikiwaka na kuzima vizuri, bado liendeshe angalau nusu saa likiwa la moto, kwa sababu betri iliyochomolewa asubuhi husafisha namba zote hadi jioni. Ukiona saa ya dashibodi inasoma 1:00 wakati ni mchana, rudi na fundi wako, na fedha iache nyumbani.